Sura ya Saba: Binamu Anapiga Simu

Kabla Niko Bellic hajakanyaga Liberty City, alikuwa ameshasimuliwa yote. Binamu yake Roman, aliyemtangulia Marekani, alimwandikia kwamba anaishi kwenye jumba kubwa, ana magari ya fahari na wanawake wanamgombania. Niko akajiunga na mabaharia wa meli ya mizigo iitwayo Platypus, akavuka bahari. Anashuka bandarini usiku, Roman anampokea kwa kelele na kumkumbatia, wanaingia garini, na safari inaishia kwenye kijichumba chenye mende mtaa wa Hove Beach. Jumba halipo. Kuna kiofisi cha teksi kinachosuasua, na kuna madeni ya kamari ambayo wenyewe wanayadai kwa ngumi.

Hivyo ndivyo inavyoanza Grand Theft Auto IV, na gemu chache za ujambazi zimethubutu kuanza na jambo dogo na la kweli kiasi hicho. Msomaji mwenye ndugu Muscat, London au Minneapolis hahitaji kuelezwa. Anazijua picha zilizopigwa mbele ya gari la mtu mwingine. Anajua pia kwamba anayezituma mara nyingi si tapeli, ni mtu aliyeona haya kukiri kuwa huko alikokwenda kumemshinda. Roman ni mtu wa namna hiyo: mropokaji, mcheza kamari, mwoga, na anampenda Niko kwa moyo wote. Waandishi wa gemu hawakumkejeli. Walimwacha aendelee kuota.

Gemu ilitoka tarehe 29 Aprili 2008 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, kisha Desemba mwaka huohuo kwa kompyuta. Ilitengenezwa Edinburgh, Uskoti, kwenye studio ya Rockstar North chini ya Leslie Benzies, na hadithi iliandikwa na Dan Houser, Mwingereza, akisaidiana na Rupert Humphries. Benzies alikadiria kwamba zaidi ya watu 1,000 walishiriki na kwamba gharama ilipita dola milioni 100. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala milioni 6, zikaingiza dola milioni 500. Wahakiki waliipokea kama gemu bora kuliko karibu zote zilizowahi kutengenezwa. Mpaka leo alama yake kwenye tovuti ya Metacritic ni 98 kati ya 100.

Wachezaji wengi hawakukubaliana nao. Miaka minne kabla, mwaka 2004, toleo la San Andreas lilikuwa limewapa miji mitatu, jangwa, ndege, miavuli ya kurukia, baiskeli, nyumba za kununua, gimu ya kutunisha misuli na vinyozi wa kubadilisha nywele. Toleo la nne lilikuja na jiji moja na likayafuta karibu yote hayo. Aliyezoea kurusha ndege ya kivita juu ya jangwa sasa alijikuta kwenye foleni ya kulipia ushuru darajani. Malalamiko yao yalikuwa na haki, na sehemu ya sura hii itayaunga mkono. Lakini lalamiko lililovuma kuliko yote, lile la simu za Roman, nadhani lilielekezwa kwenye kitu ambacho kilistahili kutetewa. Simu ndiyo sehemu pekee ya gemu ambapo hadithi na kanuni za mchezo zinasema jambo moja.

Kwanza jiji, maana bila jiji hakuna gemu. Liberty City ni New York iliyopunguzwa na kubanwa: Brooklyn inaitwa Broker, Queens ni Dukes, Bronx ni Bohan, Manhattan ni Algonquin, na ng'ambo ya mto kuna Alderney inayosimama badala ya New Jersey. Staten Island iliachwa. Wachoraji chini ya Aaron Garbut walisafiri hadi New York na kurudi na zaidi ya picha 100,000. Matokeo yake hayapimwi kwa ukubwa wa ramani. Yanapimwa kwa kusimama tu. Simama kwenye kona yoyote ya Broker, chini ya reli inayopita juu ya barabara, uweke pedi chini na uangalie. Mvua ikianza watu wanafungua miavuli au wanakimbilia vibarazani. Mmoja anasoma gazeti, mwingine anavuta sigara huku akiongea na simu, muuza soseji anaita wateja. Gari mbili zikigongana madereva wanashuka kugombana, bila wewe kuwa na mkono wowote.

Jiji lile pia lina hofu. Mwanzoni madaraja yamefungwa kwa tahadhari ya ugaidi, na Niko hawezi kuvuka kwenda visiwa vingine. Matoleo yaliyotangulia yalitumia mbinu hiyohiyo ya kumzuia mchezaji, lakini hapa ilikuwa na uzito, maana New York ya miaka iliyofuata Septemba 11 ilikuwa hivyo hasa. Mgeni mwenye lafudhi ya Ulaya Mashariki anaingia kwenye jiji linalomtazama kwa shaka. Kisiwani, mahali pa Sanamu ya Uhuru, imesimama Sanamu ya Furaha iliyoshika kikombe cha kahawa. Ukifika juu kwa helikopta na kupenya mlango wake, utakuta ndani moyo mkubwa unaodunda, umefungwa kwa minyororo. Hakuna misheni inayokupeleka kule wala zawadi ya kufika.

Redio nayo. Kituo cha International Funk 99 kinaongozwa na Femi Kuti mwenyewe, na humo utamsikia baba yake Fela na Manu Dibango wa Kameruni. Kuendesha gari usiku juu ya daraja la kuingia Algonquin huku tarumbeta za Lagos zikipiga ni starehe ambayo gemu nyingine ya wakati ule haikunipa. Vladivostok FM, kituo cha Kirusi kilichosimamiwa na mwimbaji Ruslana wa Ukraine, kilifanya Hove Beach iwe mtaa wa wahamiaji hasa. Mwaka 2018 leseni za muziki zilizochukuliwa kwa miaka 10 ziliisha, na kampuni ya Rockstar ikaziondoa nyimbo nyingi hata kwenye nakala ambazo watu walikwisha kuzilipia. Vladivostok FM ndiyo iliyoumia kuliko zote. Huo ni uharibifu. Muziki ule ulikuwa sehemu ya uandishi, na aliyeanza kucheza baada ya mwaka huo amepewa mtaa uleule wenye sauti nyingine.

Kuhusu magari, watu wamegawanyika tangu siku ya kwanza. Ni mazito. Breki zinachelewa, bodi inalalia upande kwenye kona, na ukiingia kona kwa pupa utaishia dirishani mwa duka. Waliotoka San Andreas waliona ni kama kuendesha boti. Mimi nipo upande wa uzito. Gari linapokuwa na uzito, kukimbizwa na polisi kunakuwa na hofu ndani yake, na kona iliyokatwa vizuri inakuwa ushindi. Miili ya watu pia ilipewa uzito, kwa programu iitwayo Euphoria iliyobuniwa na kampuni ya NaturalMotion ya Oxford. Badala ya kurudia anguko moja lililochorwa, mwili unajitafutia namna ya kuanguka: aliyesukumwa ananyoosha mikono ajizuie, aliyepigwa risasi ya mguu anachechemea akitafuta ukuta.

Lakini uzito huo wa miili ndio unaoleta tatizo kubwa la gemu, maana mtu anayeanguka hivyo anafanana sana na mtu.

Niko alikuwa askari katika vita vya Balkani, kijana aliyeyaona na kuyafanya mambo asiyoweza kuyasahau. Kikosi chao cha vijana 15 wa kijiji kimoja kilisalitiwa na 12 wakauawa. Amekuja Marekani kumtafuta msaliti. Michael Hollick, mwigizaji aliyempa sauti, alimfanya mchovu na mwenye huruma, mtu anayezungumza kuhusu kuua kama anayezungumza kuhusu ugonjwa alio nao. (Hollick aliliambia gazeti la New York Times kwamba alilipwa takriban dola 100,000 kwa kazi yote na hakupata hata senti katika mauzo. Kwa gemu iliyoingiza nusu bilioni ndani ya wiki, naona alidhulumiwa, hata kama mkataba uliruhusu.) Katika mazungumzo Niko anasema ameichoka damu. Mazungumzo yakiisha, nukta inatokea kwenye ramani, na nukta ni mtu wa kuuawa. Njiani mchezaji anaweza kupanda na gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, akawagonga watu 10, akakimbia mpaka nje ya duara la msako wa polisi, nyota za msako zikazimika, na dunia ikasahau kila kitu. Niko naye anasahau. Onyesho linalofuata anahuzunika upya kuhusu vita.

Mwaka mmoja kabla, mbunifu wa gemu Clint Hocking alikuwa ameandika makala akiilaumu gemu ya BioShock kwa kosa la aina hiyo, hadithi kuvuta huku na kanuni kuvuta kule. Hakuna gemu iliyolionyesha wazi kuliko hii, kwa sababu hakuna iliyokuwa na mhusika mwenye dhamiri kiasi hiki. Tommy Vercetti wa toleo la Vice City hakuwa na tatizo hilo. Alitaka fedha na mamlaka, mchezaji alitaka vilevile, wakaenda pamoja.

Hata pale gemu inapokupa uamuzi, tuzo inauharibu. Chukua suala la Playboy X na Dwayne. Dwayne ametoka jela, amekuta dunia imemwacha, rafiki aliyemlea amekuwa tajiri na hana haja naye. Kila mmoja anamtaka Niko amuue mwenzake. Uandishi wake ni mzuri na upweke wa Dwayne unagusa. Lakini ukimuua Dwayne unalipwa dola 25,000, na ukimuua Playboy X unarithi nyumba yake ya kifahari pamoja na urafiki wa Dwayne. Ndani ya siku chache habari ilienea: chukua nyumba. Swali la utu likawa hesabu ya faida.

Tofauti ni Darko Brevic. Baada ya kumtafuta kwa gemu nzima, msaliti analetwa mbele ya Niko pale uwanja wa ndege. Mtu aliyebaki ni mifupa na madawa ya kulevya. Aliwauza wenzake kwa dola 1,000, na ana maelezo yake pia, ya majirani waliouawa na watu wa upande wa Niko. Mchezaji anachagua kumuua au kumwacha. Hakuna nyumba, hakuna mfuko wa fedha, hakuna rafiki mpya. Ukimuua, Niko anaondoka mtupu. Ukimwacha, anaondoka mtupu pia, ingawa Roman anajitahidi kumwambia amefanya jambo jema. Kwa dakika zile kanuni zimenyamaza na hadithi inasikika.

Fedha ndiyo kasoro ambayo sioni namna ya kuitetea. Katikati ya hadithi kuna wizi wa benki katika misheni ya Three Leaf Clover, pamoja na ndugu wa familia ya McReary. Ni kazi iliyotungwa kwa kumwangalia Michael Mann na filamu yake ya Heat: milango inafunguka, polisi wamejaa barabara nzima, na mnapigana mtaa kwa mtaa, mnashuka kwenye mahandaki ya treni, mnaibukia upande wa pili. Ni moja ya misheni bora kabisa za mfululizo huu. Niko anatoka na dola 250,000. Atazifanyia nini? Bunduki, suti, soseji za barabarani. Nyumba hazinunuliki, biashara hazinunuliki. Wapo wanaosema huo ndio ujumbe, kwamba ndoto ya Marekani ni tupu. Sikubali. Roman anaumia kwa kukosa vitu halisi: nyumba isiyo na mende, ofisi isiyochomwa moto, harusi ya heshima kwa mchumba wake Mallorie. Kama mchezaji angeweza kutoa fedha zile na kumnunulia kimojawapo, angeijua ndoto ya Roman kwa mkono wake mwenyewe na utupu wake ungekuwa na maana. Gemu ilimnyima nafasi hiyo, ikabaki inamrundikia tarakimu.

Misheni hiyohiyo inaonyesha ugumu mwingine. Ukifa kwenye mahandaki, unarudi mwanzo kabisa. Unapokea ujumbe kwenye simu wa kujaribu tena, unaendesha upya, unaingia benki upya. Waandishi walijitahidi kupunguza adha kwa kurekodi mazungumzo mengine ya garini kwa jaribio la pili, ukarimu unaofanywa na studio chache. Bado dakika 15 zako zimepotea. Nyongeza mbili zilizotoka mwaka 2009, The Lost and Damned na The Ballad of Gay Tony, ziliweka vituo vya kuanzia katikati ya misheni, na Gay Tony ikarudisha miavuli ya kurukia. Watengenezaji walikuwa wamesikia.

Sasa simu. Niko anapewa simu ya mkononi mapema, na watu wanaanza kumpigia. Roman anataka mkacheze bowling. Little Jacob, Mjamaika muuza bangi mwenye utulivu wa ajabu, anataka mkale. Brucie anataka mkanywe, Packie McReary anataka vishale, Dwayne anataka kutoka tu nyumbani. Ukikubali, unakwenda kumchukua, mnakwenda, mnacheza, unamrudisha. Ukikataa mara kwa mara, urafiki unashuka, na unapungukiwa: Roman anaacha kukutumia teksi ya bure, Jacob haleti silaha, Packie hatengenezi bomu la gari. Wachezaji walichukia. Simu inaita ukiwa ndiyo kwanza umetoka kwenye mapigano, na sauti inakualika kwa furaha. Mwaliko wa bowling ukawa utani wa dunia nzima.

Nawaelewa. Bowling yenyewe ni ya polepole na haina ladha baada ya mara mbili. Kosa baya zaidi ni kwamba simu hazijui kilichotokea: Roman anatekwa, anaokolewa huku risasi zikilia, na baada ya muda mfupi anapiga kwa sauti ileile ya mtu aliyeamka vizuri. Uandishi makini kama huu haukupaswa kuruhusu hilo. Pia urafiki uliopimwa kwa asilimia na kulipwa kwa huduma unamgeuza rafiki kuwa duka.

Lakini fikiria yanayotokea ndani ya gari, kati ya kumchukua mtu na kumfikisha. Huko ndiko Niko anakoongea. Anasimulia kijiji, mama yake, vita, mambo ambayo kwenye misheni hana nafasi ya kuyasema. Asiyepokea simu anamaliza gemu bila kumjua nusu ya mtu aliyekuwa anamwendesha. Halafu fikiria simu zenyewe zinadai nini: muda wako, wakati usiofaa, kwa jambo lisilo na faida, kwa sababu tu mwenzako yuko peke yake katika mji wa watu. Aliyewahi kuishi ugenini anaijua simu hiyo. Anajua uchovu wa kuipokea na anajua kwa nini haachi kuipokea. Kwingine kote kanuni za gemu zinamfundisha mchezaji kwamba watu ni vizuizi barabarani. Hapa tu zinamfundisha kwamba mtu ni mzigo uliokubali kuubeba.

Ndiyo sababu mwisho unauma. Jimmy Pegorino, bosi wa mafia wa Alderney, anamtaka Niko afanye biashara ya heroini na Dimitri Rascalov, adui aliyemsaliti mwanzoni. Roman anamshauri achukue fedha waishi vizuri. Kate McReary, dada yake Packie, anamwambia asijiuze. Mchezaji anachagua. Ukichukua fedha, Dimitri anasaliti tena, na muuaji anayetumwa kwenye harusi ya Roman anampiga Roman badala ya Niko. Ukichagua kisasi, Pegorino anakuja harusini kwa gari na anayekufa ni Kate. Hakuna njia ya kuwaokoa wote wawili. Na kwa aliyechukua fedha kuna adhabu ambayo haikuhitaji onyesho lolote: Roman hapigi tena. Wachezaji waliomlaani kwa saa 30 walijikuta na simu kimya, na wapo waliorudia gemu nzima wachague njia nyingine. Kanuni iliyochukiwa ndiyo iliyofanya kifo hicho kiwe na uzito.

Toleo la tano, lililotoka Septemba 2013, lilirekebisha karibu kila kitu ambacho watu walilalamikia. Ndege zikarudi, biashara zikanunulika, magari yakawa mepesi, misheni zikapata vituo vya kuanzia, marafiki wakawapo lakini kwa nadra wakasumbua. Limeuza zaidi ya nakala milioni 200. Ule mgongano wa hadithi na kanuni ulitatuliwa pia, kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: aliundwa Trevor Philips, mtu anayefurahia kuua. Moja ya mambo ya kwanza tunayoonyeshwa naye ni mauaji ya Johnny Klebitz, mhusika mkuu wa The Lost and Damned, anayekanyagwa kichwa mpaka afe. Kwa aliyeipenda gemu ya mwaka 2008, ujumbe ulikuwa wazi kuhusu kinachotupwa.

Ilichukua miaka mingine mitano kabla Rockstar hawajarudi kwa mtu mwenye majuto. Red Dead Redemption 2, ya Oktoba 2018, inamfuata Arthur Morgan, jambazi wa mwaka 1899 anayejua kwamba ameishi vibaya. Safari hii kanuni zilipewa kumbukumbu: heshima ya Arthur inapanda na kushuka kwa kila analotenda, wenye maduka wanampunguzia bei ikipanda, wapita njia wanamsalimu kwa namna nyingine, na jinsi anavyokufa inategemea alivyoishi. Ukimgonga mtu asiye na hatia kwa farasi, mchezo haujifanyi haukuona. Niko hakuwahi kupewa hilo. Alipewa huzuni yote, na simu, na binamu.